Tofali la Mlangoni

Ukimpelekea Mama Hakiki yai, usitegemee asante ya papo hapo. Atachukua bakuli, atatia maji, atalitumbukiza yai lako mbele ya macho yako, kisha atakunja mikono na kungoja. Likizama, utapewa kiti. Likielea, chukua yai lako uende nalo. Nyama huinusa kabla hajauliza bei, maziwa huyadondoshea ukuchani aone kama yameongezwa maji, na siku binti yake alipomleta mchumba nyumbani, mama huyu alimhoji yule kijana saa mbili nzima, halafu akamwambia afungue viganja. "Unasema wewe ni fundi wa zege. Haya, sugu ziko wapi?" Sugu zilikuwapo. Ndipo chai ikaletwa.

Jamani, msimwone mtu wa roho mbaya. Kazi ndiyo iliyomfanya hivyo. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa fundi wa maabara ya zege katika ofisi ya ujenzi ya wilaya, na kazi yenyewe ilikuwa kushuku. Serikali inapojenga shule au daraja, siku ya kumwaga zege mafundi huchota kidogo wakajaza kiboksi cha chuma. Likikauka hutoka jiwe la pande sawa, wao huliita kyubu. Kyubu hulowekwa kwenye maji siku ishirini na nane, kisha huletwa kwa Mama Hakiki, naye huiweka kwenye mashine na kuibana mpaka ipasuke. Mshale wa geji husimama kwenye namba ile ilipopasukia. Ikifika ishirini na tano, zege limefaulu, mama anasaini cheti na watu wanahamia. Isipofika, jengo halifunguliwi hata aje nani.

Maabara ilikuwa jina la heshima tu. Kilikuwa chumba kimoja nyuma ya karakana, bati juu, dirisha moja lisilofunga, na mlango uliokuwa ukijifunga wenyewe kwa sababu bawaba zilipinda zamani. Kuuzuia palikuwa na tofali la kuchoma, jekundu, limemeguka pembe moja. Kila asubuhi Mama Hakiki alilisukuma kwa ncha ya kiatu mpaka mahali pake. Hakuna aliyekumbuka nani alilileta.

Miaka ya mwanzo wakandarasi walikiona cha moto kwake. Namba zilikuja zinaruka kama panzi: kumi na tisa, thelathini na moja, ishirini na mbili. Aliangusha ukuta wa soko, akaangusha nguzo za darasa, na mkandarasi mmoja alimrushia kiti. Yeye alikiokota, akakikalia, akaandika "Halikufaulu" kwa herufi kubwa. Kila kyubu iliyopasuka alizoa vipande vyake kwa mkono mtupu, akavisugua kwa kidole gumba, akanusa mchanga. Mafundi wakampachika jina hilo la Mama Hakiki, naye akalipenda.

Halafu mumewe akafariki. Miaka mitatu sasa. Alikaa nyumbani wiki moja akiomboleza, na siku ya tatu injinia wa wilaya, bosi wake, alikuja mwenyewe kumpa pole, akakaa mkekani na watu. Mama aliporudi kazini alikuta mashine imepakwa rangi ya kijani, geji mpya yenye kioo kinachong'aa, na juu yake glavu za ngozi na barakoa ya vumbi. "Tumekutengenezea mashine yako, mama," injinia alimwambia. "Umekula vumbi la kutosha." Mama Hakiki alilia palepale, mbele ya madereva. Katika miaka yote ile ofisi haikuwahi kumpa hata sabuni. Yeye ambaye haamini yai, aliziamini glavu zile, akazivaa kila siku.

Na tangu hapo, loo, kyubu zikawa na adabu! Ishirini na tano, ishirini na sita, ishirini na saba. Hakuna inayoanguka. Hakuna mkandarasi anayerusha kiti. Mama akawa akifika nyumbani anavua viatu kwa madaha na kumpigia binti yake simu, "Nimewanyoosha. Sasa wananiogopa." Binti alicheka tu. Kilemba cha ukoka kilimkaa vyema kichwani, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akikifunga kila asubuhi.

Sasa mwaka huu likajengwa bweni la wasichana katika shule ya sekondari, la ghorofa moja. Mjukuu wake, mtoto wa huyo binti, ana miaka kumi na mitatu, yumo shuleni humo. Orodha ya vitanda ilikwisha bandikwa: kitanda cha sita, ghorofani, kando ya dirisha. Mtoto alifurahi kama aliyepewa nyumba. Baba yake, yule mkwe wa sugu, ndiye nyapara wa mkandarasi katika saiti hiyohiyo. Wahusika wote ndani ya familia, ungedhani mambo yangekuwa salama. Kyubu zililetwa, mama akazibana: ishirini na sita, ishirini na sita, ishirini na saba. Kilichobaki ni saini, na cheti kilitakiwa Ijumaa saa nne, kwa kuwa Jumatatu wasichana wanahama.

Jumapili mkwe alikuja na familia yake kula. Mkewe alikuwa na mimba ya pili, imefika mwisho, anatembea ameshika kiuno. Mkwe hakula. Aligeuzageuza kijiko, kisha akasema akitazama sahani, "Mama, mimi naona mtoto abaki bweni la zamani muhula huu. Azoee kwanza."

"Azoee nini?" Mama Hakiki akauliza. "Kulala?"

"Basi tu, mama."

Basi tu! Mwambie mtu mwingine hilo, si yeye. Alimtazama mkwe kuanzia viatu mpaka nywele. Mwanamume anayejenga bweni hataki mwanawe alale humo, na anasema basi tu. Alimfuata uani akamkabili kwenye kamba ya nguo. Kuna nini? Hakuna kitu, mama. Umelewa? Hapana, mama. Mmeiba saruji? Mkwe akaokota kibanio cha nguo kilichoanguka, akakirudisha kwenye kamba. Mama Hakiki akaingia ndani. Huyu anajua jambo. Au ametumwa alete fitina ili cheti kicheleweshwe na mkandarasi mwingine apewe kazi. Au ana ugomvi na bosi wake. Alipanga dhana zake kama mtu anayechambua mchele, na kila moja ilikuwa na jiwe.

Jumanne mchana, ofisi nzima imekwenda kula, mkwe akatokea maabara na kiroba begani. Alikitua chini kikatoa mshindo. Ndani mlikuwa na pande la zege.

"Shikamoo, mama. Hiki kimetoka kwenye slabu ya juu, sakafu ya ghorofani. Tulikata tundu la kupitishia bomba la maji machafu. Nimekichonga kwa mashine pande zote, kinaingia. Kipime."

"Nani amekutuma?"

"Hakuna."

"Watu hawabebi zege mchana wa jua kali bila kutumwa."

"Mama, nakuomba, kipime."

Akakipima, jicho moja kwenye geji, jingine kwa mkwe. Pande likapasuka. Mshale ukasimama: ishirini na sita. Mama Hakiki alivuta pumzi, kisha hasira ikampanda. "Kumbe! Umenichagulia kipande kinono ukaniletea hapa nitulie. Mnanifanya mtoto mdogo? Zege ni zima, na wewe Jumapili ulinitia presha bure mbele ya mjukuu wangu!"

Mkwe alikuwa ameinamisha kichwa, kama inavyompasa mtu mbele ya mama mkwe. Akasema polepole, "Vua glavu, mama."

"Nini?"

"Vua glavu. Lishike."

Alitaka kumfukuza. Lakini kulikuwa na kitu katika sauti ya yule kijana, sauti ya mtu aliyeona aibu muda mrefu. Akavua glavu ya kulia, akaokota kipande kwenye sinia, akakisugua kwa kidole gumba kama alivyokuwa akifanya zamani. Kikamomonyoka. Akaminya tena. Mchanga ukammwagikia kwenye sketi kama makombo ya mkate wa juzi. Miaka mitatu kidole chake hakikuwa kimegusa zege.

"Tuliamriwa tuweke mifuko minne ya saruji mahali pa saba," mkwe alisema. "Mimi nilisema, mama, wallahi nilisema. Wakanicheka. Saiti zote wanajua. Wanasema mashine ya wilaya haiangushi mtu."

"Mashine yangu?"

"Wanasema ina huruma."

Mama Hakiki aliitazama ile geji yenye kioo kizuri. Kisha akageuka, akaenda mlangoni, akainama, akaliokota lile tofali. Mlango ukajifunga nyuma yake kwa kishindo, wote wawili wakashtuka. Akalipangusa kwa upindo wa nguo, akaliweka kwenye mashine, akabana. Tofali lilikatika likatoa vumbi jekundu. Mshale ukasimama.

Ishirini na sita.

Tofali la kuzuia mlango lilikuwa limefaulu kushika daraja. Mama akakaa kwenye kiti, kilekile alichorushiwa, na akili yake ikarudi nyuma hatua kwa hatua, na kila hatua ilimchoma. Rangi ya kijani. Geji mpya. Glavu, ili kidole kisiguse. Wiki ya msiba, ili yeye asiwepo. Injinia amekaa mkekani akimpa pole, na huku karakana mtu anafungua skrubu. "Nililia," alisema. "Mwanangu, nililia kwa furaha. Wamenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na mimi nikaomba waniongezee." Mkwe alipiga magoti akaanza kuzoa vipande, maana hakujua afanye nini kingine.

Siku hiyohiyo alikwenda kwa injinia. Injinia alikuwa na ofisi yenye pazia zito na kiyoyozi, na alimpokea kwa tabasamu lake la msibani.

"Injinia, geji yangu inasema uongo."

"Geji ni geji, mama. Ina stika ya ukaguzi kutoka makao makuu, kila mwaka."

"Yule mkaguzi anabandika stika bila hata kuvua koti. Nimelipima tofali. Limepata ishirini na sita."

Injinia alicheka kwanza, halafu akaacha. Akasogeza kiti karibu, akashusha sauti kama daktari. "Mama, umebakiza miezi minne ustaafu. Miaka mitatu hii, vyeti vyote vimesainiwa na nani? Mimi? Saini yangu haimo. Waziri? Hayumo. Ukisema mashine mbovu, watu watauliza nani alikuwa akiitumia. Nakuhurumia kama mzazi wangu. Ijumaa saa nne mkandarasi anakuja kuchukua cheti cha bweni. Wewe saini, upumzike."

Mama Hakiki alitoka mle akiwa na baridi mwilini, na haikuwa ya kiyoyozi. Aliogopa. Tuseme ukweli, aliogopa sana. Alijiona kizimbani na miwani yake iliyofungwa uzi, majirani aliowarudishia mayai wamejaa mabenchi ya nyuma. Akamshuku dereva aliyemsalimu. Akamshuku mfagizi aliyefagia mara mbili mlangoni pake. Akamshuku hata mkwe tena: vipi kama ni mtego, anataka kumponza? Jioni hiyo alibeba rejista ya vipimo ndani ya kanga akaifungia kabatini kwake. Jumatano alikwenda kazini, akarudi. Alhamisi mjukuu alimpigia kwa simu ya mwalimu, akimwomba bibi amnunulie shuka la bluu la kitanda cha ghorofani, na mama akasema, "Nitanunua." Alipokata simu, uamuzi ulikuwa umeshajikata wenyewe. Akampigia mwalimu mkuu, mwanamke mwenzake mkali, akamwambia, "Kesho saa tatu na nusu njoo ofisini kwangu na wazazi wa kamati. Kila mmoja aje na tofali."

"Tofali?"

"Tofali la kuchoma. Popote mtakapolitoa. Msimwambie mtu."

Ijumaa wakaja, mwalimu mkuu na wazazi sita, wamebeba matofali kwenye vikapu na mifuko kama watu wanaokwenda harusini na zawadi mbaya. Mkwe alichelewa. Alifika anahema, amefurahi. "Mama, uchungu umemshika alfajiri. Nimempeleka, wamempokea vizuri. Wamemlaza kwenye lile jengo jipya, karibu na tangi la maji, wamelifanya wodi ya wazazi mwezi uliopita. Juu kabisa, anapata upepo." Mama akasema alhamdulillahi, akamshika bega, lakini masikio yake yalikuwa barabarani. Gari la injinia lilikuwa likiingia.

Injinia aliingia na mkandarasi, mtu mnene mwenye viatu visivyowahi kukanyaga zege bichi. Waliona watu wamesimama ukutani na matofali. "Kuna nini hapa, mama?"

"Cheti, Injinia. Nakamilisha kipimo." Akamwita mzazi wa kwanza. Tofali likapasuka: ishirini na tano. La pili, ishirini na sita. La tatu, lililotolewa kwenye banda la mbuzi, ishirini na saba.

"Yarabi," akasema mwenye mbuzi, "kumbe mbuzi wangu wanakaa ghorofani."

Watu wakacheka, kisha kicheko kikafa kimoja kimoja kadiri kila mmoja alivyoelewa. Mwalimu mkuu aliichukua karatasi ya kyubu za bweni mezani, akasoma namba, akatazama vipande vyekundu sakafuni. "Watoto mia na arobaini," alisema. "Mlikuwa mnaniwekea watoto mia na arobaini juu ya hiki?"

"Mashine imeharibika," injinia alisema haraka. "Jambo la kawaida. Tutaagiza fundi. Kipimo kitarudiwa."

"Imeharibika lini?" Mama Hakiki akauliza. Alifungua kanga, akaitoa rejista, akaiweka juu ya mashine. "Mimi nakwambia lini. Wiki niliyomzika mume wangu. Na tangu siku hiyo nimesaini majengo arobaini na moja. Nayasoma yote, kila mtu asikie, na mwalimu aandike."

"Mama, nyamaza. Unajifunga mwenyewe."

"Nimeshajifunga. Wewe kaa."

Mkandarasi alikwisha toka nje, anapiga simu. Mama akarekebisha miwani, akaanza. Soko dogo, paa la zege. Saini yangu. Kivuko cha waenda kwa miguu, nguzo nne. Saini yangu. Darasa la sita na la saba, shule ya msingi. Saini yangu. Alisoma kama anayeita mahudhurio. Wazazi walikuwa wakitazamana. Kila mmoja alikuwa akisikia mahali anapopita. La kumi na saba: "Jengo la ofisi za afya, ghorofa moja, mkabala na tangi la maji. Ishirini na..."

Akaishia hapo.

Aliinua uso kumtafuta mkwe. Mkwe alikuwa anamtazama, mdomo wazi, na mkono wake ulikuwa umeshashika mlango. Kisha hakuwapo, mlango ukajifunga kwa kishindo maana tofali la kuuzuia halikuwapo tena.

"Endelea kusoma," Mama Hakiki akamwambia mwalimu mkuu, akamsukumia rejista. Akatoka mbio. Mwanamke wa miaka hamsini na tisa, sketi imejaa vumbi jekundu, glavu moja mkononi, alikimbia kutoka karakana mpaka tangi la maji, na watu waliomjua wakadhani amefiwa tena. Alimkuta mkwe chini ya ngazi, akigombana na mlinzi anayesema wanaume hawaruhusiwi. Akampita. Akapanda. Alipopanda, bila kutaka, alipitisha kidole gumba ukutani, na kikatoka na unga.

Wodi ilikuwa safi, ina mapazia mapya, vitanda kumi na mbili vyote vimejaa. Binti yake alikuwa kitanda cha mwisho, jasho usoni, ameshikilia chuma cha kitanda. Alipomwona mama yake amesimama pale anahema, vumbi mpaka kwenye nyusi, akaanza kucheka katikati ya uchungu.

"Jamani, mama! Hata huku umenifuata kuhakiki?"

"Huku nilishahakiki, mwanangu," Mama Hakiki alisema, akamshika kwapani kumwinua. "Ndiyo maana nakwambia, shuka. Na hawa wenzako wote, washuke."